Bangi, maabara na saratani: mambo ya kujua kabla ya kubeba chupa ya jirani

Na Mwandishi Wetu, Mbarara

Mfanyabiashara anayetoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale kwenda Mbarara kufunga mzigo hasafiri na pesa zake tu. Anasafiri na maagizo. Jirani mmoja anataka chaja ya simu, mwingine kitenge cha rangi aliyoiona kwa shangazi yake, na wa tatu anamvuta pembeni, anamtia noti iliyokunjwa mkononi na kumwomba amuulizie dawa. Akishashuka mjini, awe amefikia Nyamityobora au katikati ya mji, orodha ya watu huwa ndefu kuliko yake mwenyewe.

Maagizo ya dawa ndiyo mazito kuliko yote, maana nyuma yake kuna mtu anayeumwa. Na kama mgonjwa ana saratani, siku hizi kuna jina ambalo hukawii kulisikia: mafuta ya bangi. Ujumbe unazunguka kwenye simu, una picha ya darubini na mtu aliyevaa koti jeupe, na chini yake maneno kwamba maabara za Ulaya zimethibitisha kuwa bangi inaua saratani, ila kampuni za dawa zinaficha. Ujumbe wa namna hiyo hauna mwenyewe wala tarehe. Unavuka Mutukula, Katuna na Kikagati bila kukaguliwa na mtu wa forodha.

Ugumu ni kwamba sehemu ya maneno hayo ni kweli. Ingekuwa uongo mtupu tungeupuuza tu. Maabara zimefanya kazi hiyo, matokeo yamechapishwa, na seli za saratani zimeonekana zikifa. Kinachopotea njiani, kati ya maabara na chupa, ndicho kinachomgharimu mgonjwa muda wake na kinachoweza kumgharimu mfanyabiashara mzigo, leseni na hata uhuru wake.

Kilichoonekana kwenye sahani

Tuanze na jinsi seli inavyokufa. Kila seli ya mwili ina mpango wa kujimaliza ndani yake. Ikizeeka au ikiharibika, hupokea amri, hujikatakata vipande vidogo kwa utaratibu, na seli za jirani huyameza mabaki bila fujo. Wataalamu huita kifo hicho apoptosisi. Seli ya saratani ni ile iliyoziba masikio: amri inatolewa, yenyewe inaendelea kuzaana. Kwa hiyo mtafiti akipata kemikali inayoirudisha seli hiyo kwenye mpango wake wa kufa, ana haki ya kufurahi.

Mwaka 1990 wanasayansi waliutambua muundo wa kipokezi kilichomo kwenye ubongo ambacho kemikali kuu ya bangi, THC, hukishika kama ufunguo unavyoshika kitasa. Kikaitwa CB1. Mwaka 1993 kikajulikana cha pili, CB2, ambacho kiko zaidi kwenye seli za kinga ya mwili. Ili kuvichunguza vipokezi hivyo, maabara zilihitaji funguo safi, zinazojulikana kipimo chake, zisizochanganyika na mamia ya kemikali nyingine zilizomo kwenye jani. Hapo ndipo zilipoingia kanabinoidi za kutengenezwa.

Majina yake yanafanana na namba za mzigo bandarini. HU-210 ilitoka Chuo Kikuu cha Kiebrania, Jerusalem. CP 55,940 ilitoka kampuni ya Pfizer. WIN 55,212-2 ilitoka kampuni ya Sterling-Winthrop, iliyokuwa ikitafuta dawa ya maumivu. JWH-018 imechukua herufi za mwalimu wa kemia John W. Huffman wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani. Hakuna hata moja kati ya hizo inayokamuliwa kutoka kwenye mmea. WIN 55,212-2 hata umbo lake la kikemia halifanani na la THC. Inachofanana nayo ni kwamba inaingia kwenye kitasa kilekile, na inakizungusha kwa nguvu zaidi. Shika jambo hilo, msomaji, kwa sababu kila anayeuza mafuta ya bangi kwa kutaja utafiti wa WIN 55,212-2 anauza kitu ambacho hakikuwepo kwenye utafiti huo.

Mjini Madrid, kundi la Manuel Guzmán lilionyesha mwaka 1998 kwamba THC inaua seli za uvimbe wa ubongo zilizooteshwa maabara. Mwaka 2000 kundi hilohilo likaeleza majaribio kwa panya waliopandikizwa uvimbe huo kichwani, wakatiwa THC au WIN 55,212-2. Kwa baadhi ya panya uvimbe ulitoweka. Wengine waliishi muda mrefu kidogo zaidi. Wengine hawakupata nafuu yoyote. Mwaka 2006 ikaja zamu ya binadamu: wagonjwa 9 ambao uvimbe wao wa ubongo ulikuwa umerudi baada ya matibabu, wakatiwa THC moja kwa moja ndani ya uvimbe. Haikuwadhuru sana, na jaribio lilikusudiwa kujua hilo kwanza. Lakini muda wa kati wa kuishi kwao ulikuwa wiki 24 tu.

Stockholm: zilizokufa na zilizojificha

Kazi ya kundi la Taasisi ya Karolinska, Stockholm, ndiyo inayofaa kusimuliwa polepole.

Kundi hilo lilishughulika na limfoma, saratani ya seli nyeupe za kinga, aina moja inayoitwa limfoma ya seli za vazi. Waliona kwamba seli hizo zimejaa vipokezi vya CB1 na CB2 kuliko kawaida. Mwaka 2005 wakaripoti kwamba wakizimwagia kanabinoidi, ikiwemo WIN 55,212-2, zinaacha kukua na zinakufa. Mwaka 2006 wakaeleza njia yenyewe: kanabinoidi inagusa kipokezi, ndani ya seli kunarundikana mafuta ya aina ya seramidi, ishara inapita hadi kwenye mitokondria, ambazo ni jiko la nishati la seli, jiko linapasuka, na mpango wa kujimaliza unaanza. Walipoviziba vipokezi kwa kemikali nyingine, kifo hakikutokea. Ni kazi safi. Mtu aliyeisoma akasema bangi inaua saratani hakuitunga hewani.

Kisha wakafanya jambo ambalo watangazaji wa mafuta hawalisemi. Wakaenda kwa wagonjwa. Wagonjwa 23 wenye saratani ya polepole ya seli B, zile zinazoonekana kwenye damu, walipewa dozi moja ya dawa ya kupuliza mdomoni yenye THC na CBD, dawa iliyopimwa na kusajiliwa. Damu ikachukuliwa mara kadhaa. Ndani ya saa 2 idadi ya seli za saratani kwenye damu ilishuka.

Ungeishia hapo ungekuwa na kichwa cha habari kizuri sana. Ila watafiti walizichungulia seli zenyewe, na hawakuona dalili za kifo. Hakuna apoptosisi. Seli za kawaida za kinga nazo zilikuwa zimepungua kwenye damu, na kesho yake, saa 24 baada ya dozi, hesabu ilikuwa imerudi palepale. Maelezo yaliyofaa zaidi, katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2022, yalikuwa kwamba seli zilihama tu, zikatoka kwenye mzunguko wa damu na kujibanza kwenye sehemu nyingine za mwili.

Mwenye duka ataelewa haraka. Unahesabu magunia ya mbele asubuhi, unakuta yamepungua, unafurahi kwamba mauzo yamekuwa mazuri. Kumbe kijana ameyahamishia stoo, na hakuna hata shilingi iliyoingia.

Kwa nini sahani ya maabara ilisema hivi na mwili wa mtu ukasema vile? Sababu mojawapo ni kipimo. Kwenye sahani, seli inaweza kuogeshwa kwa kemikali nyingi kuliko kiasi ambacho damu ya binadamu inaweza kubeba bila mtu kuanguka. Na kipimo kidogo si lazima kiwe toleo dogo la kipimo kikubwa. Mwaka 2004, watafiti wa Taasisi ya Max Planck ya Ujerumani waliripoti kwamba THC kwa kiwango kidogo, kile kinachokaribia cha damu ya mtu aliyeitumia, ilizichochea seli za saratani ya mapafu na za uvimbe wa ubongo ziongezeke haraka zaidi. Kemikali ileile, kwa wingi inaua, kwa uchache inarutubisha. Hadithi hiyo haizunguki kwenye simu.

Seli zilizosafiri kutoka kwetu

Msomaji anaweza kudhani kwamba haya yote ni ya Ulaya na sisi tunapokea habari tu. Sivyo. Utafiti wa limfoma duniani umejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya miili ya watoto wa Afrika Mashariki na Magharibi.

Mwaka 1958 daktari wa upasuaji wa Mulago, Denis Burkitt, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya aliokuwa akiuona kwa watoto wa Uganda. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari aina ya Ford, kuukuu, wakasafiri wiki 10 na maili zipatazo 10,000 kutoka Kampala kwenda kusini hadi Johannesburg na kurudi, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama ugonjwa huo upo. Wafanyabiashara wa masafa marefu wangemtambua kama mwenzao: alikuwa na ramani, picha za wagonjwa na swali moja. Aligundua kwamba ugonjwa unapenda nyanda za joto na mvua, na unapungua kadiri unavyopanda milimani. Mipaka ya wakoloni haikuwa na maana yoyote kwake. Leo tunajua kwamba malaria ina mkono wake katika jambo hilo, pamoja na virusi vilivyogunduliwa kutokana na uvimbe huohuo.

Ugunduzi wa virusi hivyo nao ni habari ya usafirishaji. Mtafiti Anthony Epstein wa London alikuwa akipelekewa vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Desemba 1963 ukungu uliizuia ndege kutua London, ikaelekezwa Manchester, na chupa ikachelewa kumfikia. Maji yake yalikuwa yamechafuka, mtu mwingine angedhani sampuli imeoza. Alipoichungulia kwa darubini aliona seli hai zikielea zenyewe. Kutokana na seli za namna hiyo, mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza virusi ambavyo hadi leo vinabeba majina ya Epstein na Barr.

Mwaka 1967 seli nyingine za limfoma ya Burkitt zilifika Stockholm, kwa Eva na George Klein, kwenye Karolinska hiyohiyo tuliyoitaja. Zikaoteshwa na kupewa majina: Daudi, Namalwa. Namalwa zilikuja kuoteshwa kwenye matangi ya maelfu ya lita na kampuni ya Wellcome kutengenezea dawa ya intaferoni. Seli za Raji, zilizotoka kwa mtoto wa Nigeria mwaka 1963, ziko kwenye friza za maabara kila pembe ya dunia. Ukisikia mtu anasema seli za limfoma zilikufa maabara, ujue kuna uwezekano zina jina la mtoto wa kwetu. Mtoto mwenyewe hakuulizwa. Familia haikupata kitu. Hilo ni deni ambalo mwandishi wa makala haya haoni dalili ya kulipwa, na ni sababu nyingine ya kutokubali turudishiwe mabaki ya utafiti huo yakiwa kwenye chupa isiyo na lebo.

Unga unaoua

Kuna upande wa pili wa kanabinoidi za kutengenezwa, na huu unamhusu moja kwa moja anayebeba mizigo ya watu.

Fomula ambazo akina Huffman walizichapisha kwenye majarida ya sayansi zilisomwa pia na watu waliotaka pesa. Mwishoni mwa 2008, maabara za Ujerumani na Austria zilikuta JWH-018 kwenye majani yaliyouzwa kwa jina la Spice, eti ni uvumba wa kunukia. Majani yalikuwa ya kawaida tu. Kemikali ilikuwa imepulizwa juu yake. Kwa kuwa funguo hizi zinakizungusha kitasa kwa nguvu kuliko THC, watumiaji walipata degedege, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa, na wengine walikufa. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliiweka JWH-018 kwenye orodha ya kemikali zinazodhibitiwa kimataifa. Mwaka 2018, katika jimbo la Illinois, Marekani, zaidi ya watu 150 walianza kutokwa damu puani, kwenye fizi na kwenye mkojo baada ya kuvuta bidhaa za aina hiyo. Zilikuwa zimechanganywa na sumu ya panya.

Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba unga au majani aliyokupa ni "ile ya maabara", amekupa sababu ya kuukataa mzigo.

Hata mafuta ya mmea wenyewe hayana usalama wa kudhaniwa. Nchini Israel, ambako bangi ya tiba ni halali na inapimwa, watafiti waliangalia rekodi za wagonjwa 140 wa saratani waliokuwa wakipewa dawa ya kuamsha kinga iitwayo nivolumab. Miongoni mwa waliotumia dawa hiyo peke yake, asilimia 37.5 walionyesha kupata nafuu. Miongoni mwa walioichanganya na bangi, asilimia 15.9. Utafiti huo, wa mwaka 2019, ulikuwa wa kuangalia nyuma, na pengine waliotumia bangi walikuwa hoi zaidi tangu mwanzo. Hautoshi kuhukumu. Unatosha kumfanya daktari aulize, na mgonjwa asifiche.

Mpakani

Sheria haifanani kutoka nchi moja hadi nyingine, na hapo ndipo watu wanapoumia.

Uganda inaruhusu bangi ya tiba ilimwe na kusafirishwa kwa leseni ya serikali. Kampuni ya Industrial Hemp Uganda, ikishirikiana na Together ya Israel, ilianzisha kilimo hicho Hima, Kasese. Mei 2023 Mahakama ya Katiba iliifuta sheria ya dawa za kulevya ya 2015 kwa sababu akidi haikuthibitishwa Bungeni ilipopitishwa, na kwa muda mfupi mitaani watu walisherehekea wakidhani bangi imekuwa halali. Bunge likatunga sheria nyingine mwaka huohuo. Leseni ni ya kampuni kubwa zenye uzio na walinzi. Haimhusu mama mwenye kikapu.

Rwanda nayo, tangu Oktoba 2020, imeruhusu uzalishaji wa bangi ya tiba kwa ajili ya kuuza nje. Kuitumia ndani ya nchi kumebaki kosa. Mtu anayevuka Mirama Hills kuingia Kagitumba na chupa mfukoni, akitegemea kwamba Kigali imeruhusu, atajieleza polisi. Tanzania ina Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, na mamlaka yake haina mzaha; anayevuka Kikagati kwenda Murongo au Mutukula kwenda Bukoba alijue hilo. Kenya inatumia sheria ya 1994. Kongo inakataza.

Na ule utaratibu mwepesi wa Afrika Mashariki tunaoupenda, wa cheti rahisi cha asili kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ni wa bidhaa zilizoorodheshwa: mahindi, maharage, vitu vya mikono, samaki wakavu. Hauhusu dawa za kulevya hata kidogo. Dawa ya aina yoyote, hata ya mitishamba, inataka kibali cha mamlaka ya dawa ya nchi unayoingia: NDA kwa Uganda, TMDA kwa Tanzania, Rwanda FDA kwa Rwanda. Ukikamatwa na chupa ya jirani, jirani hatakuwepo. Mkimbizi ana mzigo wa ziada: sheria ya Uganda ya 2006 inampa ruhusa ya kufanya kazi na kusafiri, na kesi ya dawa za kulevya ni njia ya haraka ya kuanza kuulizwa maswali juu ya karatasi zake.

Dawa ilivyovuka mstari

Mbarara ina mfano wake wa karibu. Mwaka 2021, wimbi la Korona lilipokuwa kali, Profesa Patrick Ogwang wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara alitoa dawa ya mitishamba iitwayo Covidex. Watu waliigombania, bei ikapanda, na Mamlaka ya Dawa kwanza ikaonya kwamba haijaidhinishwa. Mwishoni mwa Juni mwaka huo ikaiidhinisha, kwa maneno yaliyopimwa: ni ya kusaidia katika matibabu ya maambukizi ya virusi, haikusemwa kwamba inaponya. Wengi walisoma neno "imeidhinishwa" wakaacha mengine yote. Na miaka 10 kabla yake, magari kutoka Kenya, Uganda na kwingineko yalipanga foleni Samunge, Loliondo, kwa Babu Ambilikile Mwasapile, kunywa kikombe cha shilingi 500. Mfa maji haishi kutapatapa, na hakuna sababu ya kumcheka.

Ila kuna dawa ya kulevya iliyovuka mstari kwa njia halali, na iko hapahapa mjini. Mofini. Inatokana na afyuni, inalevya, na mtu asiye na kibali akikutwa nayo ni kosa. Lakini Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dk. Anne Merriman mwaka 1993, ilianza kuitoa ikiwa maji ya kunywa, kwa kipimo kinachojulikana, kwa wagonjwa wa saratani wanaolia kwa maumivu. Tawi lake la Mbarara lilianza mwaka 1998. Mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika wenyewe, bila kumsubiri daktari, na mgonjwa haitolei pesa. Wengi wanaotafuta mafuta ya bangi, ukiwasikiliza vizuri, hawatafuti kuua seli. Wanatafuta usiku mmoja wa mgonjwa wao kulala. Kwa hilo mofini ipo, imepimwa, na muuguzi anaibeba mchana kweupe.

Kichefuchefu kinacholetwa na tibakemikali nacho kina dawa. Hapo kanabinoidi zimeshapata kazi ya halali: dronabinol, ambayo ni THC iliyotengenezwa kiwandani, iliruhusiwa Marekani mwaka 1985 kwa sababu hiyo. Ni msaada mdogo wenye kipimo, kwa wale ambao dawa za kawaida za kutapika hazikuwafaa.

Kuhusu kuua saratani yenyewe, kazi inaendelea. Nchini Uingereza jaribio dogo la wagonjwa 21 wa uvimbe wa ubongo, lililochapishwa 2021, lilionyesha kwamba waliopewa dawa ya kupuliza ya THC na CBD pamoja na tibakemikali walikuwa hai kwa wingi zaidi baada ya mwaka mmoja, asilimia 83 dhidi ya 44. Watu 21 ni wachache mno kujenga juu yao, na ndiyo maana likaanzishwa jaribio kubwa zaidi, ARISTOCRAT, la kuandikisha wagonjwa zaidi ya 200. Hata huko, dawa inaongezwa juu ya tibakemikali. Hakuna mgonjwa aliyeambiwa aache hospitali.

Wakati huohuo, limfoma ya Burkitt, ile ya taya, ni miongoni mwa saratani zinazosikia dawa kuliko nyingine. Burkitt mwenyewe aliona Kampala, miaka ya 1960, uvimbe ukiyeyuka baada ya dozi chache za cyclophosphamide, dawa ambayo bado ndiyo mhimili wa matibabu. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa 1967 Mulago, ilizaliwa kutokana na kazi hiyo. Kwa mtu wa Nakivale, njia huanzia kwenye kituo cha afya cha makazi, kwa karatasi ya rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mbarara. Kwa jirani aliyekukabidhi noti, kiti ndani ya gari lako na mtu wa kumwongoza hadi kwenye lango la hospitali vitamfaa kuliko chochote utakachomletea mfukoni.

Mtoto akianza kuvimba shavu, meno yakalegea bila kuuma, au tumbo likajaa upande mmoja, asingoje. Uvimbe wa Burkitt unaweza kuongezeka maradufu kwa siku 1 au 2. Kati ya siku ya soko na siku ya soko inayofuata, unaorudi kuukuta si ule uliouacha.